ED ya Malaria

Kwa miaka mingi malaria ilikuwa rafiki wa siri wa mfanyakazi wa Tabora. Sizungumzii ile ya kweli, inayojaza wodi za watoto msimu wa mvua. Nazungumzia ile nyingine, ya Jumatatu alfajiri, ambayo mtu aliipeleka kwa mkuu wake wa kazi kwa simu, sauti ameishusha kidogo: "Shikamoo mkuu. Leo sitafika, homa imenibana tangu jana usiku." Mkuu, ambaye ujanani alishaugua malaria hiyohiyo isiyo na vijidudu, aliitikia marahaba, akasema pole, akakumbusha tu kwamba karatasi isikosekane.

Karatasi yenyewe ni ED. Aliyewahi kuajiriwa nchini anaijua: kipande cha karatasi chenye muhuri wa zahanati au hospitali, kinachomwambia mwajiri kwamba fulani apumzishwe siku 2 au 3. Zamani kuipata haikuwa kazi. Mganga alisikia habari ya homa, viungo kuuma na chakula kutopita, akaandika malaria, akaandika na dawa. Tangu vipimo vya haraka vienee, mambo yameharibika. Kidole kinatobolewa, watu wanasubiri robo saa, mstari unajitokeza mmoja badala ya miwili, na aliyekuja mgonjwa anaambiwa hana kitu. Ndipo zamu ikaingia kwa UTI, taifodi na mgongo. Mgongo hasa umepata soko, kwa kuwa hauna kipimo cha robo saa.

Huwa tunacheka tukizungumza habari hizi kwenye kahawa ya jioni pale Cheyo, na kila mtu ana kisa chake. Lakini tuwaondoe wavivu wa kweli, ambao kila ofisi inao mmoja au wawili na wote wanajulikana kwa majina. Tubaki na wengine. Wengi wa waliougua malaria ya simu walikuwa wanaumwa kweli. Walichodanganya ni jina la ugonjwa.

Tubuni mwalimu mmoja, ili tusimguse mtu. Anafundisha shule binafsi ya sekondari hapa mjini, amepanga vyumba viwili Cheyo, ana mkopo, ana mama mgonjwa Urambo na wadogo zake wanaosubiri ada. Tangu Februari anaamka saa 8 usiku na usingizi haurudi. Asubuhi anapanda bodaboda vizuri, anafika getini, kisha anasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Madaftari ya kidato cha pili yamelala mezani wiki ya tatu sasa. Juzi alimfokea mtoto kwa kosa la kuuliza swali, akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kuingia kipindi cha nne. Hana homa. Anakula kidogo, lakini anakula. Ukikutana naye njiani mkaamkiana, utaondoka ukisema yule mwalimu hana shida na mtu.

Sasa aende kwa mkuu wa shule akaseme nini? Mama mkuu si mtu mbaya. Atamkaribisha kiti, atamsikiliza hadi mwisho, kisha atamwambia kwa huruma kabisa: "Mwanangu, nani hana mawazo siku hizi? Mimi mwenyewe silali. Muombe Mungu, jikaze, mitihani imekaribia." Hakuna uongo ndani ya jibu hilo. Mama mkuu kweli halali. Ila mwalimu atatoka mle ofisini amejifunza jambo moja, kwamba siku nyingine akizidiwa aseme mgongo.

Ajabu ni kwamba sheria yetu haikumbana hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara, akishatimiza miezi 6 kazini, siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Majirani zetu hawajafika huko. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaanzia siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu ndani ya mwaka. Uganda, kwa sheria ya 2006, mgonjwa analipwa mwezi wa kwanza, na ukipita wa pili akiwa bado hajaweza kurudi, mwajiri anaweza kuvunja mkataba. Kwa siku za kuugua, basi, Mtanzania si maskini.

Na kifungu chenyewe, cha 32, hakitaji ugonjwa wowote kwa jina. Hakisemi malaria, hakisemi mfupa uliovunjika, wala hakisemi kwamba kichwa si sehemu ya mwili. Kinachodai ni cheti cha daktari aliyesajiliwa, au cha mtaalamu mwingine wa tiba ambaye mwajiri amemkubali, na kinamkataza mwajiri kumkataa mtaalamu huyo bila sababu ya msingi. Asipoleta cheti, mwajiri halazimiki kumlipa siku hizo. Kwa hiyo mwalimu wetu ana haki ya kupumzika, imeandikwa na inalipwa. Anachokosa ni njia ya kutoka kwenye kiti cha mama mkuu hadi kwenye cheti bila kujivua nguo mbele ya mji mzima.

Atauliza mtu: kwa nini asichukue likizo yake ya mwaka? Siku 28 si haba. Lakini likizo ya mwaka inapangwa na mwajiri mapema, mwalimu anaambiwa asubiri shule ifungwe, na wengi wetu tumeshaitumia kabla haijafika: harusi ya mdogo mtu, kuvuna karanga, kumpeleka mzazi hospitali ya Bugando. Ugonjwa haukai foleni ukisubiri Desemba.

Turudi kwenye hiyo njia ya kuelekea kwenye cheti. Tabora ni manispaa yenye kata nyingi, lakini ni mji wa watu wanaojuana. Ukikaa kwenye benchi nje ya kliniki ya afya ya akili saa 3 asubuhi, saa 6 mchana shangazi yako wa Isevya ameshapigiwa simu. Na watakachosema si kwamba umekwenda kuomba ushauri. Watasema Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma, iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1927, imetibu watu wengi wakarudi makwao na makazini kwao, lakini mitaani jina lake limegeuzwa tusi. Mtu akikatiziwa njia na dereva mbovu haulizi kama ana leseni, anauliza katoroka lini Mirembe. Anayeogopa benchi haogopi daktari. Anaogopa kwamba tangu siku hiyo, kila atakapokasirika kwa haki, hasira yake itasomwa kama dalili.

Ndiyo maana mimi si mshabiki mkubwa wa kampeni za kuvunja ukimya. Kila Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, fulana zinachapishwa na watu wanahimizwa waseme, wasione aibu, wafunguke. Mwaka 2017 mwanadada wa Kimarekani, Madalyn Parker, mtengenezaji wa programu katika kampuni moja ndogo ya Michigan, aliwaandikia wenzake kwamba anachukua siku 2 kwa ajili ya afya yake ya akili. Mkurugenzi wake, Ben Congleton, akamjibu kwa kumshukuru, na majibizano hayo yakazunguka dunia nzima. Niliyasoma nikayapenda. Lakini yalizunguka dunia kwa sababu hata huko kwao hayakuwa ya kawaida, na Parker alikuwa na kitu ambacho mwalimu wetu hana: akiachishwa kazi leo, kesho anaweza kuomba mahali ambapo hakuna anayemjua baba yake.

Tena kuna mambo ambayo kwetu ukiyasema yanakuingiza kwenye matatizo zaidi ya aibu. Mtu aliyefikia hatua ya kutaka kuyakatisha maisha yake ndiye anayehitaji mapumziko na tiba kuliko wote, na ndiye sheria inayemtazama kwa jicho la polisi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinapingana na katiba. Unapomwambia mfanyakazi wa Tabora afunguke, uwe tayari kumwambia pia nani atakuwa amekaa upande wa pili wa meza.

Mimi ninataka haki iliyo ndogo kuliko hiyo, na labda ngumu zaidi: mtu apumzike bila kueleza.

Mji huu umewahi kuishi na suala hili kwa sura nyingine. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, Tabora ilikula kwa mabega ya wapagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa wa kilo 30 hivi, vitambaa na shanga na waya wakienda bara, pembe za ndovu wakishuka pwani, na safari kutoka Bagamoyo hadi Kaze, Tabora ya siku hizo, ilihesabiwa kwa miezi. Wanyamwezi waliifanya kazi ya kujivunia, kijana hakuwa kijana kamili mpaka ameiona bahari, na waliiwekea kalenda yao. Wengi walitoka kiangazi, baada ya mavuno, na walitaka mvua za kwanza ziwakute nyumbani na jembe. Mwenye msafara aliyekuja na wapagazi wa Unyamwezi alijua fika kwamba akiingia Tabora msafara utavunjika. Walitua mizigo, wakaenda kwao. Angeweza kupiga kelele apendavyo. Alikaa akisubiri hadi wapatikane wengine.

Msafiri Mwingereza Burton aliondoka pwani Juni 1857, akaingia Kaze Novemba 7. Mwaka uliofuata, akirudi kutoka Ujiji yeye na mwenzake Speke, wote wawili wamechakazwa na maradhi, alipokelewa tena na wafanyabiashara Waarabu wa hapa, Snay bin Amir akiwa mwenyeji wake mkuu. Speke akatoka Julai 1858 kwenda kaskazini, safari iliyomfikisha Ziwa Victoria. Burton akabaki Kaze hadi mwenzake aliporejea mwishoni mwa Agosti, akijiuguza na kuandika. Hakuna kitabu kinachomwita Burton mtoro. Alikuwa mgonjwa mwenye cheo, na mgonjwa mwenye cheo hupumzika. Pagazi aliyeweka mzigo chini katikati ya pori la Ugogo kwa sababu zilezile aliandikwa mtoro, mvivu, mwizi wa ujira. Msafiri mwingine, Stanley, aliyefika Kwihara hapa jirani Juni 1871, hakuficha katika kitabu chake kwamba dawa yake kwa watoro ilikuwa mjeledi na mnyororo.

Sitaki kuupamba wakati ule. Pagazi aliyepatwa na ndui njiani aliachwa nyuma afe peke yake, na wenzake walioendelea na safari hawakuwa na la kufanya. Ila kuna somo katika kitabu cha mwanahistoria Stephen Rockel kuhusu wapagazi hao, kilichotoka mwaka 2006. Ameutazama utoro wao kama jibu la watu wa kazi kwa hali ya kazi. Wasafiri wa Kizungu, waliouandika kila ukurasa, waliuona kama kasoro ya tabia. Tofauti ya macho hayo mawili ndiyo ninayoikuta kwenye ofisi zetu leo.

Kanuni za utendaji bora zilizotangazwa mwaka 2007 chini ya sheria ya ajira zinahesabu kutofika kazini zaidi ya siku 5 za kazi, bila ruhusa wala sababu inayokubalika, miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu. Kanuni hizohizo zina mlango mwingine, wa mfanyakazi asiyeweza kazi kwa sababu ya ugonjwa. Huko mwajiri anatakiwa aulize: chanzo ni nini, hali imefikia wapi, ni ya muda au ya kudumu, hakuna kazi nyepesi anayoweza kupewa kwa sasa? Mtu ni yuleyule, kiti kilicho wazi ni kilekile. Kwenye mlango wa kwanza kuna barua ya kujieleza na kikao cha nidhamu, kwenye wa pili kuna maswali ambayo hata mama yako angeuliza. Kinachoamua uingie upi ni karatasi.

Na hapo ndipo sonona inapokuwa ugonjwa wa hila kuliko malaria. Mwenye malaria akizidiwa, jirani atambeba. Mwenye sonona, siku aliyozidiwa ndiyo siku asiyoweza kuoga, kupanga foleni, wala kumweleza mganga kilichomleta. Anazima simu. Si kwamba anawadharau wa kazini, ni kwamba mlio wake unamtisha. Siku ya sita anapopata nguvu ya kuiwasha anakuta barua imepigwa picha ikatumwa kwa WhatsApp. Maofisa wetu wa rasilimali watu wanajua kuandika barua hizo vizuri mno, zina kumbukumbu namba na nakala kwa watu wanne. Mtu aliyefanya kazi miaka 8 bila doa akianza kuchelewa, kugombana na kupotea, afisa mwenye macho angemtuma mwenzake mmoja anayeelewana naye akabishe hodi nyumbani. Nauli ya bodaboda kutoka mjini hadi Cheyo ni ndogo kuliko gharama ya kesi.

Shirika la Afya Duniani nalo limetuongezea mtihani. Mwaka 2019, katika orodha yake mpya ya magonjwa, liliueleza uchovu mkubwa unaotokana na kazi kuwa jambo la kazini, na halikuuweka katika daraja la maradhi. Kitaalamu sina ugomvi nalo. Lakini fikiria mganga wa Tabora aliyekaliwa mbele na muuguzi mwenzake aliyefanya zamu za usiku mfululizo, amepoteza mgonjwa juu ya mgonjwa, hasikii tena huruma kwa mtu yeyote na jambo hilo linamwogopesha. Ataandika nini kwenye nafasi ya ugonjwa? Ataandika mgongo.

Si kweli hata kidogo kwamba jamii yetu haijui kuwa moyo na kichwa navyo vinahitaji siku zake. Tunajua sana, ila tumeweka sharti moja: lazima mtu afe. Kwenye msiba hakuna anayedai kipimo. Turubai linafungwa, majirani wanachukua jiko, mfiwa anakatazwa hata kuchota maji, na akisema maneno yasiyoeleweka hakuna anayemhesabia. Mjane wa Kiislamu ana eda yake ya miezi 4 na siku 10, na hakuna mwanamume wa Gongoni atakayethubutu kumwambia ajikaze arudi sokoni. Sheria ya ajira nayo imetoa siku zisizopungua 4 za malipo katika mzunguko wa likizo kwa kifo cha mwenzi, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa. Ndiyo maana bibi za baadhi ya wafanyakazi wamefariki zaidi ya mara moja. Mtu anamzika bibi aliye hai kwa sababu msiba ndio ruhusa pekee inayokuja na heshima ndani yake.

Najua kuna wasomaji wa Cheyo ambao hadi hapa wamekwisha kukunja gazeti, maana hawana mwajiri wa kumwomba. Dereva wa bodaboda anatakiwa apeleke hesabu kwa mwenye pikipiki jioni, awe amelala au hakulala. Mama lishe asipowasha jiko saa 11 alfajiri, wateja wake wanahamia kwa jirani na hawarudi. Kwa hao siku 126 ni habari za nchi nyingine. Lakini nimeona vijiweni jambo ambalo ofisi zimelipoteza. Vijiwe vingi vina mfuko wa ajali na misiba, na mwenyekiti wa kijiwe hadai cheti. Anamtazama mwenzake usoni, anaona, anamwambia nenda kalale, tutakuwekea. Hajui jina la ugonjwa na hana haja nalo. Fedha zenyewe ni kidogo, siku 2 zimekwisha, na akirudi deni la hesabu linamsubiri. Hata hivyo amepumzishwa na mtu aliyemwamini.

Wenye shule na wenye viwanda watasema ukianzisha mambo haya, Jumatatu hakuna mtu kazini. Hofu hiyo si ya kijinga. Shule yenye walimu 12 ikimkosa mmoja, madarasa yake yanagawanywa kwa waliobaki, nao wanachoka, na duara linaendelea. Lakini hiyo Jumatatu tayari ipo. Imepakwa rangi ya malaria tu. Mwajiri anailipia sasa hivi, bima inalipia dawa za UTI isiyokuwapo, na antibiotiki zinamezwa na mtu asiyezihitaji, katika nchi ambayo inahangaika na usugu wa dawa hizohizo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba siku za kazi zinazopotea duniani kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi peke yake ni bilioni 12, hasara inayokaribia dola trilioni 1. Siku zimekwisha kupotea. Kilichobaki ni kuamua kama tutaendelea kuzilipia kwa majina ya bandia, huku mwalimu akirudi darasani na dozi ya taifodi mfukoni na usingizi wake bado umepotea.

Wanaodanganya watakuwapo. Walikuwapo enzi za malaria, na bosi yeyote anayejua kazi yake aliwajua bila kipimo. Mvivu hujulikana kwa kazi anayoifanya akiwa yupo.

Uingereza mfanyakazi akiugua anajithibitishia mwenyewe kwa siku 7 za kwanza; cheti cha daktari kinadaiwa zikipita hizo. Sisemi sisi tuanze na 7. Tuanze na siku 3 kwa mwaka, ambazo mtu atapiga simu, aseme leo siwezi, na swali la pili lisiulizwe. Zitolewe ndani ya zile 126, ili mwajiri asiongezewe hata siku moja. Katika mzunguko wa miezi 36 ni siku 9, na hata mwajiri mbahili akizitazama kwa utulivu ataona ni chache kuliko malaria zilizokwisha kupita mezani kwake. Hatuhitaji kusubiri Bunge. Sheria inaweka kiwango cha chini, na habari ya cheti inamwondolea mwajiri wajibu wa kulipa, haimkatazi kulipa. Vyama vya wafanyakazi vinavyokaa mezani kujadili mikataba ya hali bora, TUICO na TRAWU na vingine, vimezoea kupigania nyongeza ya mshahara na fedha za mazishi. Viongezee sentensi moja kuhusu siku hizi 3, na viisimamie.

Kwa siku zinazozidi hapo ED ibaki, ila ibadilishwe sura. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, inayoziweka habari za afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Bado karatasi yenye jina la ugonjwa inatoka kwa daktari, inapita kwa msimamizi wa zamu, inakwenda kwa karani wa masijala, inaingia kwenye faili ambalo hata mpika chai amewahi kulishika. Mwajiri anachohitaji kujua ni kwamba huyu hawezi kazi, tangu lini hadi lini, na kama ipo kazi nyepesi anayoiweza kwa sasa, ni ipi. Mstari wa ugonjwa unaweza kukatwa kwa kalamu hata wiki hii na mganga mfawidhi wa zahanati, bila waraka kutoka Dodoma. Wapo waajiri watakaoirudisha karatasi ya namna hiyo na kutaka mstari ujazwe. Hao waulizwe, ikibidi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni wapi kifungu cha 32 kilipowapa haki ya kuusoma.